Matanga ya Mguu Wangu wa Kushoto

Mimi nina miguu mikubwa. Naanza na hilo kwa sababu bila hilo mengine hayataeleweka, na kwa sababu mtani wangu, kama angekuwa ndiye anayeandika hapa, angeanza na hilo hilo, tena kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili.

Utotoni nilivaa viatu vya kaka yangu. Nilipoolewa nikavaa kandambili za mume wangu, kisigino kikining'inia nje. Miaka ile ya shida, ukikuta kiatu cha mwanamke dukani ulishukuru; ukikuta cha saizi ya mguu kama wangu, ujue uko usingizini. Nilivaa viatu vya tairi la gari, maana fundi wa tairi anakata kwa mguu uliomfikia, haulizi kwa nini uko hivyo.

Halafu biashara ikafunguliwa. Kila mwenye chochote akaanza kuuza chochote, na mitumba ikaingia Dodoma kwa malori. Mimi ni fundi cherehani, na mitumba iliniondolea wateja. Waliokuwa wakinishonesha sketi walianza kuniletea sketi za Ulaya nizipunguze kiuno tu. Nilikuwa na sababu ya kuichukia. Lakini nikisema niliichukia nitakuwa mwongo, maana ndani ya belo moja Wazungu walikuwa wameniwekea viatu.

Belo lile lilikuwa la mtani wangu. Yeye mwanamke wa Kihehe, mimi Mgogo, na kibanda chake cha mitumba kilitazamana na baraza nilipoweka cherehani. Kwa hiyo tulitukanana kila siku ya Mungu, na siku asiponitukana nilidhani anaumwa. Siku hiyo alisimama juu ya rundo la nguo, raba mbili za bluu zikiwa zimeinuliwa juu ya kichwa chake.

"Mtani! Njoo upesi! Wamekuletea mitumbwi yako!"

Nilivuka barabara nikiwa na sindano mdomoni. Nikaingiza mguu. Ukaingia. Nikaingiza wa pili. Ukaingia, na vidole vikabaki na nafasi ya kuchezacheza. Nilisimama nikitazama chini muda mrefu. Halafu nikarudi barazani kwangu, nikakuta nimerudi mbio. Hata leo sijui nilikimbia kwa nini. Mwanamke mzima, mama wa watoto, anakatiza barabara mbio na kurudi tena mbio, kwa sababu tu viatu vimemtosha.

"Umeiba au umenunua?" mtani alinipigia kelele.

"Subiri kwanza nifike!" nikamjibu, nikiwa nimekwisha kukipita kibanda chake mara ya pili. Hela nilimpa jioni.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kukimbia. Sikuwa na sababu nyingine. Wengine husema walianza kwa ajili ya presha au sukari. Mimi nilianza kwa sababu ya kiatu.

Mtaani kwetu kulikuwa na kikundi cha mchakamchaka. Kiongozi wake alikuwa mwenye duka la jumla, mtu wa Kondoa, Mwislamu mwenye sauti kubwa na kitambi kidogo, ambaye zamani alipita jeshi la kujenga taifa na hakuacha kupiga mguu chini kama wa kule. Tulimwita Mzee ingawa hakuwa mzee. Baada ya sala ya alfajiri alifungua mlango wa duka nusu, akatoka na filimbi, na watu wakajikusanya: makarani, walimu wawili, mchoma nyama, na sisi wanawake wachache tuliofunga kanga juu ya suruali ili tusisemwe. Tulisemwa hata hivyo. Tulikimbia kwa mwendo wa kuimba, yeye akianza na sisi tukiitikia, mpaka kwenye mashamba ya zabibu nje ya mji, halafu tukarudi kabla jua halijakomaa.

Raha ya jambo lile siwezi kuiandika vizuri. Nimeishia darasa la saba, na maneno mengine yananipita. Lakini kulikuwa na mahali, tukiacha nyumba za mwisho, ambapo upepo wa Dodoma ulitupiga usoni, vumbi lilikuwa bado limelala, na miguu yangu mikubwa ikawa haigusi chini sawasawa. Nilikuwa nacheka peke yangu. Mchoma nyama aliniuliza, "Mama, nani kakuchekesha?" Nikamwambia viatu.

Sasa nije kwenye koti.

Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, mvua bado, joto lile la kwetu ambalo hata mbuzi wanagombania kivuli cha nguzo. Wakati huo watu wengi waliamini kwamba mazoezi ni jasho, na kwamba anayetoka jasho zaidi ndiye aliyefanya mazoezi zaidi. Wanaume wa kikundi chetu walikimbia na masweta. Mtani wangu, ambaye hakuwahi kukimbia hata kuwahi mvua, aliliona hilo, na belo lililofuata lilipofunguliwa alitoa makoti ya theluji. Manene, yenye zipu mpaka kidevuni, ndani yamejazwa manyoya.

"Hili, mtani, ukikimbia nalo mwezi mmoja, jua litakuwa linakuamkia. Litasema shikamoo."

"Nani kakwambia?"

"Sisi kwetu Iringa tuna baridi, tunajua makoti. Nyie mnajua nini? Mnajua kuomba mvua tu."

Nataka nimtendee haki. Hakunilazimisha. Nililijaribu mwenyewe, nikajitazama kwenye kioo chake kilichopasuka, nikajiona kama mtu wa maana. Nikalichukua. Na Jumamosi hiyo hiyo Mzee alichelewa kutoka dukani kwa sababu alikuwa na mgeni, kwa hiyo tulianza jua likiwa limeshapanda juu ya paa. Hilo nalo si kosa lake. Mgeni ni mgeni.

Tulipofika kwenye zabibu nilikuwa sisikii wimbo tena. Niliona midomo ya wenzangu inafunguka na kufumbika. Jasho lilikuwa limeacha kutoka, jambo nililodhani ni dalili njema, kwamba sasa jua limenizoea. Mistari ya mizabibu ikaanza kuzunguka polepole kama gurudumu la cherehani. Nikakanyaga ukingo wa mtaro wa maji, ukingo ukakatika, na mguu wa kushoto ukageukia upande ambao miguu haigeukii.

Mume wangu alikuja kunichukua na baiskeli yake. Yeye ni fundi baiskeli, mtu wa maneno machache. Alinitazama nimelazwa chini ya majani ya mzabibu, wenzangu wakinipepea na kunimwagia maji, koti limefunguliwa linatoa manyoya.

"Baridi ilikuwa kali?" aliuliza.

Hakusema lingine mpaka zahanati. Nesi ndiye aliyesema. Aliubonyeza mguu pote pote, nikapiga kelele pote pote.

"Haujavunjika. Umeteguka vibaya. Utafungwa bendeji, utaukanda kwa maji ya baridi, utauweka juu. Usitembee nao mpaka ukubali wenyewe. Na koti ni la nini?"

"La mazoezi, sista."

"Mazoezi ya kufa? Mtu anapika mwili wake namna hii! Ukiacha kutoka jasho juani, mama, si kwamba umezoea. Umekwisha."

Nilirudi nyumbani, nikakalishwa barazani, mguu juu ya stuli, umefungwa bendeji nyeupe mpaka karibu na goti. Mtani aliniona kutoka ng'ambo. Nilitegemea kicheko. Badala yake aliondoa kitambaa kichwani, akajifunga kanga kifuani, akavuka barabara mikono kichwani, na kulia.

"Uuuwiii! Mguu wa mtani umekufa! Jamani mguu! Umeshavishwa sanda!"

Anayejua watani kwenye msiba anajua kwamba ukishaanza hivyo hakuna wa kukuzuia, na mwenye msiba haruhusiwi kukasirika. Aliketi chini mbele ya stuli. Alisimulia maisha ya marehemu: jinsi ulivyozaliwa mkubwa, jinsi ulivyojaza mlango, jinsi mbu, ukoo mzima, walivyokuwa wakienda kuutembelea. Nilicheka mpaka kifundo kikauma, nikalia kwa maumivu, na aliyepita mbali akaona mwanamke analia na mwingine analia.

Ndipo mambo yalipoharibika. Jirani wa nyuma alileta kuni. Mwingine akaleta ndoo ya maji na kibaba cha unga wa mtama. Wanaume wawili wakakaa kwenye benchi la mume wangu kimya, vichwa chini. Halafu akaja Mzee mwenyewe, baraghashia kichwani, uso mzito, akanishika mkono.

"Poleni sana. Nani?"

"Mguu," nikasema.

Akautazama mguu. Akamtazama mtani, aliyekuwa bado kwenye kilio. Nilidhani ataondoka kwa hasira, na angekuwa na haki. Lakini alivuta stuli nyingine akakaa.

"Ulikuwa mguu mwema," alisema. "Tulikimbia nao."

Basi msiba ukashika. Ugali ukapikwa, kwa sababu unga ulikuwa umeshaletwa, na kurudisha unga wa msiba ni mkosi. Walikula, wakacheka, na kabla ya kutawanyika mtani alisimama, akanyanyua raba zangu za bluu kutoka kwenye kizingiti, akazifunga kamba na kuzivaa shingoni. Koti la theluji akalitia kwapani.

"Mali za marehemu nitatunza mimi. Siku ya arobaini tutaanua matanga na kugawa urithi. Nina mteja mwenye miguu kama hii kule Bahi, mnadani, anasubiri."

"Mtani, viatu vyangu!"

"Vyako wapi? Marehemu hasemi. Ila siku ya arobaini kama mguu utakuwa umefufuka, uondoke hapa barazani mpaka kwenye zabibu pale ulipofia, urudi mbio bila kusimama, mimi nitakuvalisha viatu kwa mikono yangu. Ukisimama hata kidogo, vinakwenda Bahi. Mzee ndiye shahidi."

Mzee akakubali, akiwa anajifuta machozi ya kicheko. Na mimi nikacheka. Lakini usiku sikucheka. Watani wanafanya mzaha, lakini mzaha wa watani una sheria, na mtani akishachukua kitu mbele ya watu amekichukua. Nilimjua. Angevipeleka kweli, na angelia siku atakayoviuza, lakini angevipeleka. Na wapi ningepata vingine? Nilitazama mabelo yote ya mtaa mzima toka siku ile. Viatu vya wanaume vilinitosha urefu vikanipwaya upana. Nilijiuliza pia kama ni haki kuhuzunikia viatu wakati watu wengine walikuwa wanapunguzwa makazini. Nilihuzunika tu.

Siku za mwanzo nilikanda kwa maji ya mtungini na kushona kwa mguu mmoja, maana cherehani yangu ni ya kukanyaga, na vazi la kwanza nililoshona hivyo lilikuwa na mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Kutoka ng'ambo mtani aliuliza hali kila asubuhi: "Marehemu kaamkaje?" Alikuwa ametundika raba zangu kwenye msumari wa mbele kabisa. Kila mteja aliyezigusa nilisimamisha cherehani. Mwanaume mmoja alizijaribu kwa muda mrefu mno. Nilimwombea mguu wake uwe mpana, na Mungu akanisikia, ingawa sijui kama ilifaa kuomba hivyo.

Uvimbe ulipopungua Mzee alikuja na ushauri. "Usianze kwa mbio, binti. Nenda na nguzo za simu. Nguzo hii mpaka hii unatembea. Siku mguu ukinyamaza, nguzo moja unakimbia polepole, inayofuata unatembea. Ukiuma, unarudi nyumbani, huoni aibu. Na jua likitoka, wewe uwe umeshaingia."

Nilifanya hivyo. Viatu sikuwa navyo, kwa hiyo nilitoa vile vya tairi vilivyokuwa uvunguni, nikavifunga kwa vipande vya kitambaa. Mara ya kwanza kukimbia nguzo moja niliogopa kuliko siku ya kuolewa. Mguu ulikuwa kama wa mtu mwingine ambaye hatujatambulishwa. Niliuweka chini kwa adabu. Haukulalamika. Nguzo ile ilipoisha nilisimama nikaikumbatia, na muuza maziwa aliyepita na baiskeli akaniamkia akitazama pembeni.

Kuhusu joto nilijifunza kwa woga. Nililowesha kitenge na kukizungusha shingoni. Nilikunywa maji ya ubuyu yaliyotiwa chumvi kidogo kabla sijasikia kiu, maana nikisubiri kiu huwa nimechelewa. Jasho likawa rafiki yangu. Nilikuwa nikijigusa paji la uso kila baada ya nguzo, likiwa na maji nafurahi. Siku nyingine nilikosea, nikaongeza nguzo kwa tamaa, kesho yake kifundo kikavimba nikarudi kwenye kutembea. Sikuwa na uhakika hata siku moja. Sisemi kwa unyenyekevu. Kweli sikuwa nao.

Arobaini ikafika, jua likiwa lile lile na mvua haijashuka. Tulitakiwa kuanza alfajiri, lakini mtani alichelewa kwa kujiremba. Alipotoka kibandani watu wote walipiga kelele. Alikuwa amevaa koti langu la theluji, zipu mpaka kidevuni, na raba zangu za bluu, amezijaza vitambaa mbele ili zisimvuke. Watani wakivaa nguo za marehemu na kumwigiza ni kawaida. Lakini huyu alichechemea kama mimi, alijifuta paji la uso kama mimi, hata kule kucheka kwangu peke yangu aliigiza.

"Leo mimi ndiye marehemu!" alitangaza. "Nitakufuata nyuma nihakikishe. Ukisimama nakuzika."

"Mtani, vua koti. Jua limetoka."

"Umeanza kuomba tayari? Kimbia, Mgogo!"

Mzee akapuliza filimbi. Nikaondoka. Kikundi kizima nyuma yangu kikaimba wimbo wa kuwaaga wafu kwa mwendo wa mchakamchaka, jambo ambalo sikuwahi kulisikia na sidhani kama linaruhusiwa. Nguzo ya kwanza, ya pili, mguu ukanyamaza. Nyumba za mwisho, upepo usoni. Mguu ukazidi kunyamaza. Nilianza kucheka. Nyuma yangu mtani naye alicheka kwa kuniigiza, kisha akacheka kidogo, kisha sikumsikia.

Tuligusa ukingo wa mtaro, tukageuka. Nikamwona. Alikuwa amebaki nyuma, anakuja kama mtu anayetembea ndani ya maji, uso mkavu. Mkavu kabisa. Akasema kitu kuhusu nyumbani kwao, kwa Kihehe.

Nilijua hali ile. Na nilijua pia sheria. Kwa hiyo sikusimama. Nilimzunguka. Nilikimbia nikimzunguka mduara kama kuku anayezunguka kifaranga, nikivuta zipu kila nikipita mbele yake, nikivuta mkono wa koti nikipita ubavuni, nikimmwagia kichwani maji ya ubuyu ya kichupa nilichofunga kiunoni nikipita nyuma. Zipu ilikwama. Nikazunguka tena. Kikundi kilikuwa kimekuja kutuzingira, nusu wanacheka na nusu wanapiga kelele, "Usisimame, mama! Usisimame!" Koti likatoka. Nikamtupia kitenge changu chenye maji shingoni, wakamshika wakamketisha kwenye kivuli cha mizabibu, na mimi bado nazunguka, mpaka alipofumbua macho akanitazama.

"Mbona dunia inazunguka?" alisema.

"Ni mimi, mtani!"

"Basi nenda zako. Unanitia kizunguzungu."

Nikajua amepona. Nikarudi mjini mbio.

Tulipokutana barazani, yeye akiwa ameletwa kwa baiskeli ya mume wangu, watu walikuwa tayari wanashangilia. Lakini mimi nilikuwa na jambo. Nilipovuta ile zipu iliyokwama, mguu wa kushoto nilikuwa nimeubana chini ili nipate nguvu. Labda ulisimama. Labda kwa pumzi moja. Hakuna aliyeuona. Nilitazama raba zangu kwenye miguu ya mtani, nikatamani ninyamaze, nikashindwa.

"Mzee," nikasema, "nadhani nilisimama. Mguu mmoja. Pale kwenye zipu."

Mume wangu akafumba macho. Mzee akakuna ndevu.

"Mimi sikuona."

"Na mimi nilikuwa mfu," alisema mtani, "siwezi kutoa ushahidi."

"Lakini nadhani nilisimama."

Mtani akanitazama, maji ya ubuyu bado yanamdondoka masikioni. Halafu akawageukia watu.

"Mmesikia? Mguu uliokufa haujishitaki. Huu unajishitaki wenyewe mbele ya watu! Uko hai, na una kiherehere kama mwenyewe. Matanga yameanuliwa." Akanyoosha mkono. "Sasa nilipwe jogoo wangu wa kulia. Nimelia siku arobaini."

"Jogoo ni wangu," alisema mume wangu.

Jogoo, ambaye alikuwa amesimama juu ya benchi akisikiliza, alielewa kabla ya sisi wote. Akaruka. Nikamfuata. Viatu vya tairi vikanichomoka, nikamfuata peku uani kwa jirani wa nyuma, juu ya kuni, chini ya kamba ya nguo, katikati ya meza za mitumba, nikageuka kushoto alipogeuka kushoto na kulia alipogeuka kulia, na sikukumbuka kifundo hata mara moja mpaka nilipokuwa nimemkumbatia, mabawa yake yananipiga uso na watu wanapiga vigelegele.

Niliporudi mtani alikuwa ameketi kwenye stuli ile ile ya msiba. Alipiga magoti, akazivua raba, akatoa vitambaa vyake ndani, akanishika mguu wa kushoto kwa mikono miwili, akaupangusa vumbi.

"Mkubwa jamani," alinong'ona. "Mkubwa."

Akanivalisha kiatu. Kilikuwa kimelowa jasho lake na bado kina moto.